Aoge kwanza

Jumanne, Doha

Neema amelia sasa hivi mpaka akapaliwa. Babake amerudi kutoka shamba la bosi wake lililoko Umm Salal, nami nikamshika mtoto asimkimbilie.

Huko anayeyusha madini ya risasi, anamtengenezea bosi risasi za kuwindia. Anazitumbukiza majini zikiwa moto ili ziwe ngumu. Vumbi la madini hayo, ambalo ni sumu, huja na nguo zake. Nesi amesema limeshaingia kwenye damu ya mtoto.

“Baba hanitaki?”

“Anakutaka, mama. Aoge kwanza.”

Babake alisimama mlangoni, mikono nyuma kama mgeni, kisha akaingia bafuni.

Nesi anasema vumbi likikoma damu itasafika, nami naamini. Lakini viza zetu ziko mkononi mwa bosi; akiacha kazi, tutarudishwa kwetu. Leo nitamwambia mume wangu tu kwamba... ananiita, “Mama Neema, nimetakata, mlete!” na mimi bado sijaamua nimwambie nini.