Kompyuta Iliyo Kwenye Gunia

Nyamu,

Chai iko kwa thamosi, nduma ziko kwa sufuria. Ng'ombe nimemkatia majani, mpe kabla hujarudi Nairobi. Geti ulifunge. Mimi nimeenda Runyenjes, kwa mkutano wa akina mama wa kanisa.

Asubuhi nimeikuta kompyuta yangu mlangoni, ndani ya gunia la viazi, eti inangoja mtu wa vyuma kuukuu. Hata hukuniuliza! Nimeirudisha chumbani kwangu na usiiguse. Hiyo ni ya tatu unataka kuninyang'anya. Kila nikizoea moja, unaleta ingine.

~~Hiyo mpya rudi nayo.~~ Iache hapo mezani, nitaifunika kitambaa.

Najua ya zamani hukwama. Ikikwama nilikuwa nakupigia simu, na Jumamosi unakuja, unaitengeneza hapa jikoni tukiongea mpaka jioni. Siku zingine nilipokupigia ilikuwa haijakwama.

Jana uliniambia, tena ukicheka, kwamba hii mpya haitasumbua mtu miaka mitano.

Haya. Tuonane baada ya miaka mitano.

Mama yako