Tofu ya Mama Mkwe

Jumanne, 4 Machi 2014
Kasulu. Mvua tangu alfajiri. Nimepika tofu tena, mara ya tatu tangu Ijumaa. Maziwa ya soya ya Makere, nayagandisha mwenyewe kwa ndimu kama jibini. Nakata vipande, nafuta maji, napaka unga, mafuta ya moto. Kisha sosi nyeusi ya soya, sukari, tangawizi, na ule mchuzi mtamu wa chupa ndogo. Robo saa tu inang'aa, inanata. Yuki, mwalimu wa Kijapani aliyekuwa jirani yetu, alinifundisha. Alipohamia Kibondo akaniachia chupa zake.

Mama mkwe kala vyote. Tangu homa ile ya Januari alikuwa hataki chakula, na meno hana. Idi, mume wangu, kasema mbele ya wageni kwamba nimemrudishia mama yake. Kichwa kimenivimba.

Jumamosi, 8 Machi
Idi kasafiri kwenda Kigoma kufuata mzigo wa duka.

Yuki kapita, katoka Kibondo. Kaonja, kasifu, kaniuliza kama nimezoea kupikia ile pombe. Pombe gani? Ile chupa ndogo, dada. Pombe ya mchele. Alidhani najua. Ningejuaje, na maandishi yote ni ya Kijapani?

Astaghfirullah! Mama mkwe ni binti wa maalim wa Ujiji, hata togwa iliyolala ikachacha haigusi. Nimeificha chupa nyuma ya gunia la mkaa. Naogopa.

Jumatatu, 10 Machi
Nimepika bila ile chupa. Nimezidisha sukari. Mama mkwe kaonja, kasukuma sahani.

"Siyo ile, mwanangu."

Uji hataki. Maziwa hataki.

Jumatano, 12 Machi
Siku ya tatu hajala. Macho yamezama. Idi kapiga simu kuuliza kama mama anakula. Nimesema anakula. Mwongo mkubwa mimi.

Saa kumi nimeitoa chupa. Vijiko viwili. Sikumwaga hata tone, na hilo ndilo linaloniuma. Nimejiambia moto unaimaliza pombe. Sijui kama ni kweli.

Kala vipande vitano, kalamba vidole. Siku zote tunakula sahani moja. Leo nimemwambia tumbo linanisumbua. Nimekula ugali na mchicha jikoni, peke yangu.

Alhamisi, 13 Machi
Kapata nguvu, kakaa barazani. Kala tena. Mimi mchicha. Kaniombea dua ndefu. Nilitamani anyamaze. Najichukia.

Ijumaa, 14 Machi
Nimempelekea maji ya kutawadha, nikashindwa kuvumilia. Nimepiga magoti, nimemwambia kuhusu chupa. Nikasema sikujua.

Kafumba macho, kavuta uradi. Halafu kanishika bega. Hukujua, mwanangu, Mungu anasamehe. Nililia kwa raha. Shetani mimi, nililia kwa raha!

Kamaliza kunawa miguu, ndipo akaniuliza.

"Mbona toka juzi huli na mimi?"

Nikajifanya naokota kopo la maji.

"Basi ulijua."

Kasema taratibu tu. Bora angenipiga.

Jumapili, 16 Machi
Mama mkwe kajikongoja hadi jikoni, kajipikia uji. Nilitaka kumshikia sufuria. Kasema acha, nitaweza.

Idi karudi mchana. Kamkuta mama yake anakunywa uji mwenyewe, kafurahi mno. Kanishukuru, kaniletea na kitenge. Mama mkwe alikuwa palepale. Kainamia bakuli lake, kaendelea kunywa.