Kidole cha Mama Kwenye Televisheni

Barabara ya Wattle, Nambari 9,
Ballarat.
14 Julai 2019

Mpendwa mdogo wangu Rowan,

Habari za Broome na joto lenu? U mzima? Na goti je, limekubali kupanda ngazi? Huku sisi hatujambo, ila baridi inatutafuna na Trevor wangu anakohoa tangu wiki jana. Mama anakula vizuri kule wanakomtunza, hata uzito umeongezeka kidogo.

Najua utauliza kwa nini sikupiga simu. Nimejaribu mara mbili, nikakata kabla haijaita. Kichwa changu kimevurugika, nikaona heri kalamu.

Jumapili iliyopita televisheni ilirudia vipindi vya zamani, kikiwemo kile cha mapishi cha Coralie Vane, yule mwimbaji, cha mwaka 1976. Unazikumbuka kope zake? Alikuwa anaoka keki huku akiimba. Mimi nilikuwa nafuma zangu sweta, simwangalii. Trevor ndiye aliyeanza uchokozi.

"We Glenys, hebu tazama! Kucha nyekundu za huyu mama zimeyeyukia wapi?"

Nikainua macho. Kamera ikiwa mbali ni Coralie, kucha ndefu kama vijiko. Ikisogea kwenye bakuli, mikono ni mingine kabisa: kucha fupi, hakuna pete. Na kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto kimesimama wima, hakikunjiki.

Sweta likanidondoka. Unakumbuka Mama alivyokuwa akisema miaka mitatu iliyopita? "Ile mikono ni yangu. Coralie hakujua hata kuvunja yai. Walinikataza kusema." Wewe ukasema huenda ni kweli. Mimi nikakufokea kwamba uko mbali, hujui ninayoyaona. Na daktari aliponitaka nitoe mfano wa kuchanganyikiwa kwake, huo ndio niliotanguliza. Mwezi haukuisha, tukamtoa nyumbani kwake tukampeleka huko anakotunzwa.

Tena zile Alhamisi za utotoni alizotuacha kwa shangazi Merle, eti anakwenda kujifunza kushona! Rowan, uliwahi kuona hata nguo moja aliyoishona?

Jumatano Trevor alikipata kipindi kile kwenye kompyuta, tukampelekea. Mama alitazama, blanketi magotini. Nikamwuliza, "Mama, hiyo mikono ya nani?"

"Mi nitajuaje, mwanangu? Ila si ya huyo mwenye kope. Mwenye mikono hii ni mpishi hasa." Akainama karibu na kioo. "Ona anavyokimbiza kijiko. Ana watoto wanamngoja nyumbani."

Nilitoka nje nikasimama kwenye maegesho, nalia na kucheka, sijui kwa nini hasa. Niliporudi nilivishika vidole vyake, lakini baridi yabisi imevipinda vyote kumi, huwezi kutofautisha kimoja na kingine.

Sasa nimebaki njia panda. Kama mikono ile ni yake, basi nilimwita mwenye wazimu kwa sababu alisema kweli. Kama si yake, mbona nilimtambua kabla hata sijafikiri? Na hata nikiupata ukweli, yeye mwenyewe ameshausahau. Nimwombe radhi ya jambo gani? Wanasema majuto ni mjukuu. Wangu amekuja na mizigo yake yote, na haonyeshi dalili ya kuondoka.

Wewe ndiye uliyembana Mama kidole hicho cha mwisho kwa mlango wa gari ulipokuwa na miaka sita. Mimi nilikuwa shuleni, nakumbuka bandeji tu. Ulikuwa mkono gani? Usiniandikie la kunifariji. Andika kushoto au kulia, basi.

Nisalimie Janine na mapacha. Trevor anakusalimu, na shangazi Merle pia, ingawa nimemwuliza habari za Alhamisi na amejifanya hasikii. Mungu akulinde, na goti lako pia.

Dada yako akupendaye, hata alipokufokea,
Glenys