Muhuri wa Shemeji

Nyumba za Wafanyakazi,
Nyuma ya Machinjio.
Jumapili jioni, mwezi wa sita.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Na wajukuu, bado wanakuficha miwani? Huku sote tu wazima, watoto wanakula kama nzige. Mimi sina homa wala mafua, ila nimeingiwa na kinyaa hata chai hainipiti kooni.

Kazi yangu unaijua: nyama isiyopigwa muhuri wangu haitoki machinjioni. Lakini siku hizi kazini naitwa shemeji, nyumbani naitwa mkaguzi. Mwanangu akiugua, bosi anauliza kama sina mume. Nikichelewa kurudi, mume wangu anauliza kama nimeolewa na ng'ombe. Hayo nimeyazoea.

La juzi sijalizoea. Mume wa mdogo wangu, yule mwenye bucha, alileta ng'ombe aliyekwisha kuchunwa, eti alivunjika mguu njiani wakamuwahi kwa kisu. Mguu gani huo! Nyama nyeusi, damu imegandia ndani. Nilipopasua ini, usaha ukanirukia kwenye aproni. Yule mnyama alikufa kibudu, tena mgonjwa. Shemeji akacheka, akaniambia nipige muhuri twende zetu, kwani yeye ni wa kuja? Nikaifungia nyama stoo, nikaondoka na ufunguo.

Jana Mama akaniita. Nikakuta kikao kizima: Mama, mdogo wangu kavimba macho, na baba mdogo ndani ya suti yake ya harusi. Wakanisema mpaka nikajihisi mimi ndiye niliyeoza. Eti nikiendelea hivi bucha itafungwa, na ndoa ya mdogo wangu itakuwa imekwisha. Eti ukoo ulinisomesha ili niuaibishe.

Mama akamalizia, "Hapa hukuja na koti lako jeupe. Umekuja kama mtoto wangu."

Sikufichi, nililegea. Mdogo wangu huyo nimembeba mgongoni. Mkono ukaanza kuutafuta ufunguo mfukoni.

Mama alipouona mkono huo akachangamka, akanipa kikapu nikanunue nyama ya mchana. Nikauliza, niende kwa shemeji? Wakatazamana.

"Nenda ile bucha ya kona," Mama akasema, sauti chini.

Mdogo wangu, mke wa mwenye bucha, akafuta machozi. "Ya watoto iwe laini," akasema. Baba mdogo akaagiza na maini.

Nilikiweka kikapu mezani. Hakuna aliyeona haya, Shangazi, hata mmoja! Kumbe wanajua, tena siku nyingi, na muhuri wanaonililia ni wa kulishia watoto wa wenzao. Nilitapika nje ya geti. Kisha nikaenda moja kwa moja machinjioni, mimi na wenzangu tukaimwagia ile nyama mafuta ya taa, tukaifukia. Nikapeleka taarifa kwa wakubwa, na jioni bucha ikafungwa.

Sasa Mama hasemi nami. Najua atakupigia simu uniseme, maana wewe ndiye unayeniweza. Akipiga, msikilize mpaka amalize. Halafu muulize yeye nyama hununua wapi.

Nisalimie mzee wako na redio yake, na binamu fundi cherehani. Mungu akujalie goti jepesi na sahani safi.

Wako akupendaye,
Mkaguzi, na bado mtoto wa kaka yako.