Mswidi Asiyeshusha Tanga

Jumanne, 3 Juni 1684

Bandari ya Deal. Chaza na bia kali kwa mjane Tapley. Nimewaambia wote mezani: tangu nipewe meli hii, Marigold, hakuna mgeni aliyenipita tanga lake la juu likiwa limetuna! Wafaransa wanashusha. Wadachi wanashusha huku wananitukana. Bahari hii ni ya Mfalme wetu wa Uingereza, anayepita aishushie bendera yake tanga la juu kwa heshima. Mimi, Tobias Pennock, mtoto wa muuza samaki, niliyejifunza kusoma kwa maandishi ya kwenye mapipa!

Luteni wangu Lisle, mtoto wa bwana mkubwa, kacheka puani. Eti Nahodha Hobday alimwachia Mhispania mmoja apite hivihivi, akanyang'anywa meli, sasa anauza mishumaa Dover. Eti ananikumbusha tu. Mshenzi!

Alhamisi, 5 Juni

Upepo wa kichaa. Bendera imechanika katikati. Nimeamuru ishushwe ishonwe — bendera ya Mfalme haipepei kama shati la mlevi! Mzee Gotobed, fundi wa matanga, kalalamika macho hayaoni uzi. Nikamwambia, taratibu, baba, usijichome. Nikampa na brandi yangu.

Ijumaa, 6 Juni

Mswidi! Kaja na jua. Mizinga yake mara mbili ya yetu. Tanga la juu limetuna kama tumbo la askofu. Nikampigia mzinga mtupu, baruti bila risasi. Hakushusha. Wa pili nikautia risasi, ikapita mbele ya pua yake. Kafungua madirisha ya mizinga — yote!

Halafu upepo ukafa. Tunakodoleana macho. Nikipigana, nitawazika vijana wangu. Nikimwacha, mishumaa ya Dover.

Adhuhuri. Mashua yao imekuja. Afisa mrefu, mpole, kavua kofia. Anasema nahodha wao anaiheshimu mno bendera ya Mfalme wetu. Ila anauliza, iko wapi?

Nikatazama juu. Mlingoti mtupu!

Nimedai saluti ya bendera iliyo chini inashonwa. Na risasi nimepiga! Lisle akageuka, akakohoa. Gotobed akatokea, sindano mdomoni.

“Si ulisema taratibu, Nahodha?”

Nikacheka. Yule afisa karudi na mashua yake.

Lisle kaninong'oneza: risasi imeshatoka, haiombewi radhi. Bendera ikipanda na wasiposhusha, tupige. La sivyo London watasikia. Ndiyo, najua watasikia kwa nani.

Baadaye. Bendera iko juu, nusu imeshonwa, uzi unaning'inia. Nimepiga tena mzinga mtupu, kwa adabu. Upepo unarudi. Crook, mkuu wa mizinga, anatokwa jasho: “Tuwawahi, Nahodha, kabla hawajatuwahi!” Nimemnyang'anya utambi wa kuwashia mizinga. Unawaka mkono wa kushoto, naandika kwa wa kulia, daftari juu ya mzinga. Nimeagiza ndoo ya maji. Iko miguuni.

Waswidi wamejaa kwenye kamba. Kushusha tanga hushikwa kamba. Kugeuza meli watupige vizuri — kamba hizohizo! Vijana wananitazama. Hakuna anayetania. Hata mimi.

Wameanza kuvuta.

“Nahodha,” Lisle anauliza, “hiyo ndoo ya nini?”

Utambi nimeushusha kidogo, kuelekea maji —