Ungo wa Mama na Vicheko vya Dodoma

Mtani wangu Nyamizi,

Nimeanza hivyo kwa mazoea tu. Ukifika mwisho wa barua hii utajua kama jina hilo bado ni lako.

Nakumbuka siku tuliyokutana kwenye kikundi chetu cha kujitolea hapa Mpanda, wanawake wachache wa kuwapeleka wazee hospitali na kukaa nao kwenye foleni. Uliposikia mimi ni Mfipa ulisogeza kiti chako pembeni, ukasema unaogopa radi, ile mnayosema sisi Wafipa huwatumia adui zetu. Nikakujibu kwamba sishangai, Mnyamwezi ni mpagazi, mzigo anauweza ila maneno yanamlemea. Watu wakacheka, na kuanzia hapo tukawa chanda na pete. Tulizunguka vijiji hadi Kapalamsenga tukiwa tumebanana kwenye bodaboda moja, tukisikiliza wazee ambao hakuna mwingine aliyekuwa na nafasi ya kuwasikiliza.

Mumeo alipofariki nilifanya kazi ya mtani kama mila inavyotaka. Nilivaa koti lake, nikaiga alivyokuwa akikohoa akitaka chai, nikaingia kaburini na kugoma kutoka mpaka nipewe changu. Ulikuwa hujala wala hujasema neno tangu msiba uingie. Ulicheka, Nyamizi, huku machozi yakikutoka, kisha ukaomba uji. Jioni ile uliniambia, "Mtani, na mimi zamu yangu ikifika sitakuangusha."

Ndiyo maana nilikupa siri ya mama. Unajua alikuwa akiishi peke yake Kabungu, na macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi wa kuni, kama ya kila mwanamke aliyezeekea jikoni. Mtoto wa jirani alikufa kwa homa, na watu wakayanyooshea kidole macho yale. Asubuhi moja mama akafungua mlango, akakuta ungo uliotobolewa katikati. Ungo husemwa ndio ndege ya wachawi, na kila mtu kule anajua maana ya kuutoboa: mchawi, tumekujua, ondoka kabla hatujakuondoa. Mama aliushona ule ungo kwa ukindu, akaendelea kupepetea mchele wake. "Ungo ni ungo," aliniambia, "wenye roho mbaya ni watu." Lakini tangu hapo alikuwa akilala na viatu miguuni.

Nilikusimulia hayo ndani ya treni ya Tabora, tukiwa njiani kwenda Dodoma, kikundi chetu kilipopewa nafasi ya kuzungumza na wabunge. Tulitaka sheria ya kuwalinda wazee, itakayowabana wanaowatishia namna ile, na kumpa mzee mahali pa kukimbilia kabla damu haijamwagika. Tukakubaliana wewe utasalimia na kututambulisha, mimi nitasimulia habari za mama. Ulinishika mkono ukasema wakisikia kisa kile hawatalala.

Uliposimama mbele ya wabunge uliona wamechoka, mmoja anachezea simu, ukaamua kuwachangamsha. "Waheshimiwa, huyu mtani wangu ni Mfipa," ukasema. "Sisi tumekuja na treni, yeye alitaka kuja na ungo wa mama yake. Mkitukatalia, radi hiyo!" Chumba kizima kiliangua kicheko. Hata mimi nilitabasamu bila kupenda, maana mtani hakasirikiwi. Zamu yangu ikafika. Nikasema, "Mama yangu alikuta ungo mlangoni kwake," na kabla sijaendelea wakaanza kucheka tena. Walidhani naendeleza utani wako. Siwalaumu, wewe ndiye uliyewaonyesha pa kucheka. Nilijikaza nianze upya, lakini muda wetu ukaisha, nasi tukashukuriwa kwa uchangamfu wetu.

Nje ulinikumbatia. "Si umeona walivyotupenda?"

Ningeyameza yale, maana ulimi hauna mfupa. Lakini baadaye nilikusikia redioni ukihojiwa kuhusu safari yetu. Ukarudia ungo wa mama, mtangazaji akacheka, ukanogewa, ukataja mpaka Kabungu. Nyamizi, ulijua kule wanasikiliza redio. Ulijua mama analala na viatu, na bado ukasema.

Vijana walianza kupita uani kwake wakimwuliza bibi ndege yake inaondoka saa ngapi. Mama hakungoja zaidi. Aliacha mpunga umesimama shambani, akaja kwenye chumba changu cha kupanga hapa mjini akiwa na ule ungo kichwani na jogoo wake kwapani. Kila niliporudi kutoka kwenye kikundi aliniuliza, "Wale wakubwa wa Dodoma wamesemaje?" Nikamwambia wanalifikiria. Alikuwa akitaka kurudi kufia nyumbani kwake. Amefia kwangu, akiwa bado anasubiri jibu hilo.

Nilikutumia ujumbe siku ileile. Nikaiweka khanga yake na fimbo yake kwenye kiti, ukija uvae, utembee kama yeye, utuchekeshe. Ukajibu kwamba uko kwenye semina, umealikwa kuzungumza kwa niaba ya wazee, utakuja ukipata nafasi. Tulizika kimya. Watu walikuwa wakigeuka kuangalia barabarani, wakiniuliza mtani yuko wapi.

Nina uchungu nawe, Nyamizi, kuliko nilio nao kwa yule aliyeweka ungo mlangoni. Yule hakuwahi kula kwangu. Wewe ulichekesha palipotakiwa kulia, na palipotakiwa kuchekesha hukutokea.

Kikundi bado kipo. Tukiitwa tena Dodoma nitatangulia kuzungumza mimi, na ungo nitakwenda nao mkononi, ule ulioshonwa, wauone kabla mtu hajafungua kinywa.

Unaijua mila: anayekasirikia utani hutozwa kuku. Sibishi. Nimekasirika, na faini yangu nalipa. Nimemchagua jogoo wa mama mwenyewe, yule mwekundu aliyekuja naye kutoka Kabungu, na nimemfunga mguu hapa mlangoni. Njoo umchukue. Ukishampokea hatudaiani tena, na hatutaniani tena.

Kwaheri.

Aliyekuwa mtani wako,
Odilia, binti wa Mama Veneranda