Indiketa ya Kulia

Nyumbani,
Nyuma ya duka la fundi cherehani,
Jumanne, tarehe 4.

Mdogo wangu, Taratibu amerudisha funguo za lori, anasema hataendesha tena chombo chochote maisha yake yote. Mtu amekufa barabarani mbele ya macho yake, na mwanangu anasema ni yeye aliyemuua. Si kweli, lakini ndivyo anavyosema.

Loo, hata sijakusalimu! Nisamehe, mpendwa wangu. Hujambo? Wifi yangu hajambo? Mgongo umepoa, au bado unashinda kwenye gari la mafunzo ukirushwarushwa na wanafunzi wako? Sisi hapa miili haijambo. Shemeji yako goti linamsumbua, ila anatembea. Kinachouma ni moyo.

Unamjua mwanangu kwa udereva. Sisemi kwa kuwa nimemzaa mimi, ingawa nimemzaa mimi. Miaka kumi na moja alishika usukani hapa kwetu na hajakanyaga hata kuku. Jina la Taratibu ulimpa wewe mwenyewe, siku ile anajifunza, akapitwa na bibi kizee mwenye baiskeli. Na alipofika huko ugenini, kwenye mtihani wa alama za barabarani alikosa swali moja tu. Moja! Nilizunguka na habari hiyo sokoni mpaka muuza nyanya akaniambia, "Mama Taratibu, leo nunua kwanza, sifa baadaye."

Kila wiki alinipigia simu kunisimulia barabara za kule. Wanaendesha upande wa kulia, na usukani uko kushoto. Taa nyekundu ikiwaka wanasimama, hata kama barabara ni tupu kama sahani iliyooshwa. Honi kwao ni tusi. Mtu wa miguu akikanyaga ile mistari myeupe, magari yote yanasimama, naye anavuka bila kugeuza shingo, kama bwana harusi. Tulicheka mpaka machozi. Nami kwa mdomo wangu huu nikamwambia, "Jifunze ya kwao, mwanangu, lakini adabu ya barabara ya kwetu usiisahau."

Hakuisahau.

Ilikuwa mchana, mwezi uliopita. Alikuwa anapanda mlima wenye kona, amebeba shehena ya vigae, anakwenda mwendo wake ule unaoujua. Nyuma yake kulikuwa na gari dogo likichungulia kupita. Ndani yake mzee mmoja, fundi saa, yuko peke yake. Mwanangu kutoka juu kule kwenye kiti chake akaliona basi linateremka kwa kasi. Akafanya kama ulivyomfundisha. Akawasha indiketa ya kulia.

Wewe huna haja ya kuelezwa, lakini naandika ili nami nielewe. Kwetu tunaendesha kushoto, kwa hiyo indiketa ya kulia ndiyo ya katikati ya barabara. Lori likiiwasha linamwambia wa nyuma: usinipite, mbele kuna hatari. Kule ya kulia ndiyo ya pembeni. Yule mzee alidhani lori linampisha. Akapita.

Abiria wa basi walitoka na michubuko. Fundi saa hakutoka.

"Mama, nilimwambia asipite," Taratibu aliniambia kwenye simu. "Nilimwambia mapema kabisa."

Askari walipima barabara wakamwambia hana kosa. Kwa sheria za kule, taa ya lori si ruhusa. Anayepita atazame mwenyewe. Mwajiri wake amempigia mara tatu arudi kazini, maana dereva kama yule wampate wapi? Hataki. Mkwe wangu ananiambia mumewe hata akipanda teksi anafumba macho, na mguu wake unakanyaga sakafu, unatafuta breki ambayo haipo. Dukani anakwenda kwa miguu. Kwenye mistari myeupe anasimama mpaka magari yote yaishe ndipo avuke, na madereva wanabaki wanamshangaa.

Alinikataza nisikuambie habari ya indiketa. "Mjomba atajilaumu," alisema. Umeona? Hata katika shida yake anakuonea huruma wewe. Ndivyo nilivyomlea. Lakini nimeona nikuambie, kwa kuwa una wanafunzi, na wengine kesho kutwa watavuka mpaka kama yeye. Waambie kwamba ile taa wakishavuka haisemi tena walichozoea.

Na kama ni lawama, mdogo wangu, tugawane. Wewe ulimfundisha, mimi nikamkumbusha. Tumeimba miaka yote kwamba mwacha mila ni mtumwa. Huyu hakuiacha, na nipe basi jina lake, maana mimi sina. Usiku na mchana namwombea yule fundi saa, mtu nisiyemjua hata sura, na watu wake.

Msalimie sana wifi. Msalimie kitindamimba wako, mwambie shangazi yake amemfumia sweta, na kama ameshakua kupita sweta hiyo kosa ni lake. Msalimie na mama mkubwa, mwambie asilie, mimi nimelia ya wote. Mungu awafunike, awaondolee njia mbaya mbele na nyuma.

Mwanangu anarudi, yeye na mkwe wangu. Usije ukajificha nyuma ya kazi kwa kuona haya. Anayetaka kukuona ni yeye, na toka utotoni husikia la mjomba kuliko langu, jambo ambalo sijakusamehe. Njoo na gari lako la mafunzo, lile lenye breki upande wako pia. Sisemi aendeshe. Nataka tu atakaposhuka kwenye basi alikute limeegeshwa, na wewe umekaa kiti chako kile cha pembeni, mguu juu ya breki, kama zamani. Akitaka kukaa nyuma, akae nyuma. Akitaka usukani, uko hapo.

Nimeshawaambia wote. Ni Jumamosi, tarehe 22, saa nne asubuhi, stendi.

Dada yako akupendaye bila kuchoka,
Mama Taratibu